Charbon Haiko Makala

"Mamaa, musikate! Wekeni kisu chini! Iko charbon, nasema iko charbon!"

Ndivyo Jeannine alivyoingia mbio mu kiwanja ya Muzee Athanase, hapa Ngezi, Bunia, viatu mukononi, pumzi juu juu. Ng'ombe moja tu ya muzee yenye ilibakia ilikuwa imelala chini, tumbo imevimba sawa ngoma. Jana ilikula majani muzuri, asubui imekufa. Watu wenye walikimbia vita na kulala kwake walikuwa wameisha kuizunguka na sahani. Nani angewalaumu? Tangu soko ifungwe sababu ya masasi, watoto walikunywa tu maji ya sombe, majani ya muhogo.

Basi, kusikia charbon, Kifaransa ya makala, wakafurahi.

"Iko wapi?" akauliza Denise, mama mudogo ya Jeannine. "Leta basi, binti! Siye tunapikia miguu ya kiti!"

"Nyama na makala siku moja!" Mumbere akasema, kisu mukononi. "Mungu amerudi Bunia!"

Wakacheka. Hata Jeannine kicheko ikamuponyoka. Kisha akaangalia pua ya ng'ombe: damu nyeusi ilikuwa inatoka, nyepesi sawa maji, haigandi.

"Haiko makala, mama mudogo. Ni jina ya ugonjwa ya kimeta, ndivyo tuliisoma mu Kifaransa. Ni kadudu kadogo kabisa, jicho haikaoni, kanakaa mu damu, kanaua ng'ombe na watu. Mukipasua hii ng'ombe, kanaingia mu udongo, kanakaa miaka na miaka."

"Tutapika mupaka iive sana," akasema Vahwere, muke ya Mumbere. Mutoto alikuwa mugongoni yake; tangu jana hakulia tena. "Umesoma veterinaire ya ng'ombe miaka mbili, sasa unatufundisha kufunga? Kufunga tunajua, mutoto yangu."

Jeannine akasogea kumunyang'anya Mumbere kisu. Macho yake ikaanguka ku mukono ya Mumbere: kidonda, katikati nyeusi tii, pembeni imevimba.

"Yaya Mumbere, hii ni nini?"

"Haiumi. Ni ile ndama ya hii ng'ombe. Ilikufa njiani tukitoka Irumu na ng'ombe za muzee, nikaanza kuichuna, masasi ikalia, tukaacha nyama yote."

"Haiumi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Jeannine akamushika kiwiko, sauti ikashuka. "Muangalie rangi yake, wote. Ndiyo maana wanaiita charbon."

Mumbere akaachilia kisu, ikaanguka.

"Majembe," akasema Muzee Athanase.

Hakuna mwanaume aliuliza namna ya kuchimba. Ule mwaka mikono yao ilikuwa imezoea. Wakaizika nzima na ngozi yake, na udongo yenye damu ilimwagikia. Vahwere akazima moto yake na maji ya sufuria.

"Dawa iko hospitali, kama hawajaiiba," Jeannine akasema. "Nitamupeleka yaya Mumbere sasa hivi, kabla bunduki ianze tena."

Vahwere akawafuata mupaka barabarani.

"Jeannine, weye habari haikai mu kinywa yako. Niambie: atapona?"

"Kama iko tu mu ngozi, dawa inaweza."

"Na kama imeisha kuingia ndani?"

Jeannine akapitisha mukono muzima ya Mumbere ku bega yake.

"Kesho asubui nitarudi, yaya Vahwere, nikuambie habari yenye inabakia. Hata kama ni mubaya, nitakuambia yote."