Makaa ya Minza

Siku muhuri wa kijiji ulipoletwa kutoka Bariadi, Minza alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Acheni acheze. Miaka thelathini na mitatu iliyopita, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chao cha zamani, walimtenga yeye na mumewe kwa ng'ombe ambao hawakuwaiba. Ukitengwa unanyimwa salamu, maji na moto. Dukani huuziwi hata kiberiti, na mtoto akifa unamzika mwenyewe. Wao walimzika mmoja, kisha wakahamia porini, ng'ambo ya mto.

Waliowafuata walikuwa waliotengwa wenzao. Kila aliyefika alimkuta Minza na makaa kwenye kigae, akimwashia jiko bila kumuuliza kosa lake. Baadaye wakaja watu huru, wakifuata ardhi ya pamba. Kitongoji kikakua, kikapata shule, na sasa ni kijiji kamili chenye serikali yake na mwenyekiti wake, Masalu, mwana wa Minza.

"Hakuna atakayetuhukumu tena," Minza aliwaambia wenzake kisimani.

Masikini! Mkutano wa kwanza wa kijiji haukujadili maji wala barabara. Ulimjadili Bundala, aliyehamia mwaka juzi kutoka Mwandoya. Yowe la wizi lilipopigwa, hakutoka kufukuza wezi na wenzake. Mkewe alikuwa anajifungua. Mkutano ukasema hiyo si sababu. Mikono ikanyooshwa, na ya kwanza kunyooshwa ilikuwa ya wale waliowahi kutengwa. Masalu akagonga muhuri: Bundala atengwe, na atakayempa moto atengwe naye.

Siku mbili Minza alijifanya hasikii kichanga kikilia. Msimlaumu haraka, nyumba yake ilikuwa ya bati, na kaburi la mumewe lilikuwa uani. Siku ya tatu kulikucha na mvua. Alitazama kwa Bundala, hakuona moshi. Akachota makaa.

Masalu alimkuta njiani. "Mayu, rudisha hayo. Watu wanaangalia."

"Ng'wanawane, dada yako alikufa kwa baridi. Tulinyimwa moto."

"Sheria ni ya wote. Nikikuachia wewe, serikali yetu itachekwa."

"Basi usiniachie," Minza alisema, akampita.

Mke wa Bundala alikipokea kigae kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Jioni hiyo Masalu aligonga muhuri mara ya pili: mama yake naye atengwe.

Asubuhi Minza aliondoka pamoja na akina Bundala kurudi porini, uzee huo, akaanze tena kujenga. Alipita nyumba hadi nyumba, akiwasalimia wote aliowahi kuwawashia jiko. "Mwangaluka." Walitazama chini. Hakuacha kusalimia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanawe. Masalu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

Midomo ya Masalu ilifunguka. Akawatazama majirani kushoto na kulia, kisha akaifunga.