Nukta Iliyokubali Kila Kitu

Adolphe alikuwa fundi wa kompyuta kiwandani hadi mishahara ilipokatika. Sasa alikuwa na kompyuta moja chumbani kwake mtaani Kikula, ameiunganisha na redio ya mawasiliano, nasi tulimwendea atutumie barua pepe Ulaya. Umeme wa bwawa la Koni ulikuja ulivyotaka wenyewe, kwa hiyo alikuwa ameandika kijiprogramu cha kukagua anwani kabla ya kutuma, tusipoteze umeme bure. Alijivunia kijiprogramu hicho kuliko watoto wake.

Mimi nilikuwa na haja moja. Mwanangu Sephora alikuwa na kisukari, insulini ilikuwa imekwisha mjini kwetu Likasi kote, na kaka yangu Éphraïm, huko Liège, Ubelgiji, angeweza kumpa dawa padri aliyekuwa karibu kusafiri kuja kwetu. Nilimsomea Adolphe anwani ya kaka, akaiandika, akabonyeza. Mashine ikaandika: *Adresse bonne*, yaani anwani ni sahihi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Padri alifika mikono mitupu. Juma hilohilo tukamzika Sephora.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Adolphe. Jibu la redio lilikuwa limerudi: anwani hiyo haipo. Hasira zilinipanda, nikatamani kuipiga mashine teke.

“Papa Adolphe, weye ulisema adresi iko bon!”

Aliitazama skrini, akanywea. Kwenye kibodi zetu za Kifaransa, nukta na nukta-mkato zimo kwenye kitufe kimoja. Usiposhikilia kitufe cha herufi kubwa, inatoka nukta-mkato. Hakushikilia. Kabla ya “be” ya mwisho palikaa nukta-mkato.

“Lakini kazi ya programu yako njo kukataa!”

Akanionyesha mstari wenyewe: ^[a-z]+@[a-z]+.[a-z]+$

“Mama Sephora, hii kofia njo mwanzo, ile dolare njo mwisho. Letre za mu crochet, mu hizi mabano, njo zenye ziko na ruhusa. Plus inasema moya ao mingi.”

“Na ile point, ile nukta?”

“Minye nilizani ni point tu. Kumbe mashini inasoma: signe yoyote, alama yoyote, ata ile mubaya. Kama unataka point ya kweli, unatia barre mbele yake.”

Kijistari kimoja cha mshazari. Mtoto wangu amekwenda kwa kijistari. Na bado aliniita Mama Sephora. Nilimwacha, sina jina jingine.

Akakiongeza: \. Akaijaribu ile anwani mbovu, mashine ikaikataa palepale. Akageuka akitabasamu, kama anayengoja kusifiwa, kisha akakumbuka, akaanza kulia. Sikumbembeleza.

“Tia adresi ya kweli sasa.”

Safari hii alishikilia kitufe. *Adresse bonne.*

“Tuandike nini, mama?”

“Andika: Éphraïm, tulikuomba dawa, barua haikukufikia. Sasa usiitume tena.”