Giga Mbili za Mwalimu Lueth

Kibali cha kutoka kambini kilikuwa cha siku tatu, na ya kwanza Lueth aliimalizia barabarani, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma hadi Lodwar, kompyuta yake ya mezani akiwa ameifunga kwa shuka kama mgonjwa. Angeweza kumtuma mtu. Lakini yako mambo ambayo mwanamume hatumi mtu.

Fundi Ekai, mwenye kibanda karibu na soko, alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaangua kicheko, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwalimu! Hii mashine yako inakula mchanga?"

"Ejok, fundi. Nikipiga simu ya video, sauti inafika vizuri. Picha ndiyo inaganda, yangu kwao na yao kwangu. Mke wangu ananisikia, lakini ananiona nimekaa tu, macho wazi, kama mtu amechorwa."

"Bibi yako iko wapi?"

"Australia."

Ekai aliacha kucheka. Lueth akamsimulia yote. Alimwoa Abul mwaka 2010, lakini ng'ombe wa mahari hawakutimia, na kwa Wadinka ng'ombe wasipotimia mke hubaki kwa baba yake. Basi kwenye kadi ya mgao wa chakula Abul aliandikwa pamoja na familia ya Mzee Mabil, baba yake, na hakuna aliyeona kosa. Jina la Mzee Mabil lilipotoka kwenye orodha ya kuhamia Australia, Abul alipanda ndege na wazazi wake, na mimba tumboni. Kadi ya Lueth ilikuwa ya mtu mmoja, na mpaka leo, mwaka 2013, ni ya mtu mmoja. Subira huvuta heri, wenzake walimwambia. Waliomwambia hivyo walikuwa na wake zao nyumbani.

"Kwetu Turkana ni hivyo hivyo," Ekai alisema. "Ng'ombe bado, bibi bado." Akaweka mezani vipande viwili vyembamba. "Sikia. Shida ni RAM, kumbukumbu ya mashine, iko kidogo sana. Nafasi iko mbili. Naweza weka giga moja, ile ingine ibaki wazi, mwakani unaongeza. Ama naweka mbili sasa, pacha, zinavuta pamoja. Lakini hapo imejaa. Haibebi zaidi."

Kwa mshahara wa mwalimu wa kambini, mwenye akili angeweka moja. Lueth aliitazama ile nafasi tupu. Mwakani. Akajiona mwakani akija tena Lodwar na kibali cha siku tatu, kadi ni ileile, chumba ni kilekile, sufuria ni ileile ya mtu mmoja.

"Weka zote mbili," alisema. "Mwakani sitakuwa hapa."

Ekai akavibana vipande vyote viwili mahali pake.

Jumapili saa nne asubuhi Lueth alikosa ibada, akavaa shati alilovaa siku ya harusi, akaketi mbele ya kamera. Jenereta ya jirani ilinguruma. Abul akatokea, na nyuma yake Adhel, miaka miwili, akitembea. Lueth alikuwa hajawahi kumwona binti yake akitembea.

"Adhel! Mwanangu!" Akapunga mkono, akacheka, akainama mbele.

Mtoto akapiga yowe, akakimbilia nyuma ya kochi.

"Anasema nini?" Lueth aliuliza, maana mtoto alikuwa akilia kwa Kiingereza cha huko, na kwa kwikwi hakuambulia neno.

"Anasema huyo si baba," Abul alijibu. "Kila Jumapili tukimaliza huwa anaubusu uso wako kwenye kioo cha kompyuta, Lueth. Anasema baba yake hasogei."

Lueth hakujua mikono aipeleke wapi. Iliuma, iliuma kuliko siku ile ya ndege. Kochi lilitikisika kwa kilio, na dakika za jenereta alizolipia zilikuwa zikienda.

Akaiweka mikono magotini. Akanyoosha shingo, akakaza uso, akafumbua macho kama alivyozoea kuonekana.

"Mwambie picha imeganda tena," alisema, midomo ikisogea kidogo tu.

Nzi akatua shavuni mwake, Lueth akamwacha. Baada ya muda kichwa kidogo kikachungulia. Adhel akaja polepole, akikanyaga mkeka kwa ncha za vidole, akaweka kiganja kwenye kioo, kisha shavu.

"Baba," alisema.

Lueth hakusogea.