Koti la Bwana Ndeti

Lifti ya ofisi yetu hapa Upper Hill iliharibika Krismasi ya 2003, Pasaka ikafika bado. Kwa hivyo saa nane nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tano nikihema. Nilikuwa natoka River Road, nilikochomokea tangu saa tano kumnunulia mume wangu Okinyi pajama za hospitali. Mkononi nilikuwa na fomu ya ofisi kukubali kulipia upasuaji wake. Imebaki sahihi ya mkubwa wetu, Bwana Ndeti, tu. Isipofika hospitalini kabla ya saa kumi, kitanda alichongoja miezi mitatu kinapewa mwingine.

Ofisini mwa Bwana Ndeti hakuna mtu. Koti tu, limetundikwa kwenye kiti.

"Yuko karibu, mama," Caren, sekretari wake, akaniambia bila kuinua macho. "Si unaona koti?"

Nikakaa kwenye benchi na wengine waliokuwa wakimngoja. Ukutani kuna bango kubwa: MWANANCHI MWEMA HUHESHIMU SAA ZA KAZI. Nililisoma mpaka likanichosha. Nikamwomba Caren ampigie simu. Ikalia ndani ya koti. Yeye akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Haki ya Mungu, nchi hii itapona lini?" nikafoka. "Mtu anaacha koti lifanye kazi, yeye yuko River Road anakula nyama choma! Mwisho wa mwezi mshahara achukue nani? Koti?"

"Sema, mama!" benchi ikaitikia.

Nikasema. Nikasema tunalaumu wakubwa bure, wezi ni sisi hapa maofisini, Jumapili tuko mstari wa mbele kanisani, Jumatatu hatuonekani. Nilisema hadi koo likakauka.

Saa kumi kasoro dakika tano Caren akafunga droo. "Nafikiri leo harudi."

Niliteremka ngazi nikilia kwa hasira. Kazi yangu iko ghorofa ya chini, chumba cha mafaili, na ufunguo wa kabati ninao mimi pekee. Zedekiah, tunayefanya kazi naye, akaruka aliponiona.

"Nanyama! Ulikuwa wapi? Bwana Ndeti amekungoja hapa tangu saa saba na nusu, na shati tu. Ameitwa mjini, ameondoka sasa hivi na gari la ofisi."

"Alikuwa anataka nini hapa?"

"Faili lako! Alijua fomu yako inakuja, na hawezi kusaini bila kuliona, na sheria hairuhusu mtu kubeba faili lake mwenyewe. Akasema heri alifuate, mgonjwa asicheleweshwe."

"Sasa wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia angoje, uko karibu." Akaonyesha kiti changu. "Si sweta yako iko pale?"

Ilikuwa pale. Niliitundika mwenyewe saa tano, hata nikanyoosha mabega yake ikae kama kuna mtu.