Udongo wa Namba Kumi na Saba

Neville Sugden alikuwa amewajengea watu nyumba kwa miaka thelathini na tisa, na yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata moja. Alikuwa mwashi wa matofali mjini Halifax. Yeye na mkewe, Glenys, walipanga kwenye ghorofa ya nne ya jengo la halmashauri, na Glenys, aliyekulia kwenye nyumba yenye bustani, alikuwa akipanda maharage kwenye ndoo pale kibarazani. Upepo ulikuwa ukiyavunja kila mwaka, naye kila mwaka akiyapanda tena.

Mama yake Glenys alipofariki, nyumba ya familia ikauzwa, na fungu lake Glenys likatosha kununua nyumba kwa mkopo mdogo tu. Neville akasema tayari anaijua ya kununua.

"Namba kumi na saba, pale tunapojenga," alisema. "Kuta zake nimezipandisha kwa mikono hii. Hakuna upepo utakaopita."

"Ina bustani?"

"Ina. Lakini kuna jambo."

Akamweleza. Majira ya baridi yaliyopita kampuni ilikuwa na haraka, na nyapara wao, Keith, akaamuru kifusi chote kimwagwe nyuma ya nyumba nne za mwisho: matofali yaliyovunjika, saruji iliyoganda, vipande vya mabomba. Juu yake wakatandaza udongo wa kina cha kiganja, kisha nyasi zile zinazoletwa zimeviringishwa kama mikeka. Kwa macho palikuwa pazuri. Kwa jembe palikuwa kaburi.

"Na wewe ukatazama tu?"

"Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, Glenys. Ningefanya nini?"

"Ungeshuka."

Neville alikuwa na miaka hamsini na saba, na kazi pale ilikuwa imebaki miezi mitatu. Akisema, Keith atajua nani kasema, na mwashi wa umri wake akifukuzwa haitwi tena mahali.

Hata hivyo Jumamosi walikwenda. Neville alivaa koti la harusi ya mpwa wake. Ofisi ya mauzo ilikuwa ndani ya nyumba ya maonyesho, na msimamizi wa mauzo alikuwa mama mmoja mwembamba aitwaye Philippa Crossley. Neville alikuwa amepishana naye mara mia, ila Philippa hakuwahi kumwona Neville bila kofia ngumu na vumbi usoni. Hakumtambua.

"Karibuni sana," alisema Philippa. "Mafundi wetu ni wa hali ya juu, mtajionea. Tazameni tu hayo matofali yalivyonyooka."

"Huyo fundi anajitahidi," alisema Neville. Glenys akamkanyaga mguu chini ya meza.

Wakaanza kuzungumzia bei. Philippa alisema haishuki hata pauni moja, ila kwa kuwa ni mwisho wa Juni angeweza kuwapa zulia la nyumba nzima bure. Neville alijua maana ya mwisho wa Juni: kampuni ilikuwa ikifunga hesabu za nusu mwaka na ilitaka kila nyumba iwe imepata mtu.

"Zulia tunalo," alisema Neville.

"Basi jiko la kisasa zaidi?"

"La sasa linatosha. Tunachotaka ni udongo."

Philippa akadhani hakusikia vizuri. "Udongo?"

"Udongo mweusi, nusu mita kwenda chini, bustani nzima. Na kilichopo sasa kitolewe."

"Lakini bustani imeshamalizika, Bwana Sugden. Kuna nini pale?"

Neville akafungua mdomo, akaufunga. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Glenys akamtazama, akaona kwamba neno limekwama mahali lilipokwama majira ya baridi. Akasimama.

"Mna sepetu hapa?"

"Sepetu? Mama, hatuwezi kuchimba..."

"Nakuja kununua nyumba ya thamani hii, na shimo moja dogo siruhusiwi? Dada, nataka viazi. Nionyeshe vitaota wapi."

Sepetu ikapatikana. Glenys alivuka nyasi zile kwa viatu vyake vya kanisani, akakanyaga sepetu kwa nguvu. Chuma kikalia *kang!* Akasogea hatua mbili. *Kang!* Mara ya tatu akainua nusu ya tofali na kipande cha bomba, akaviweka miguuni mwa Philippa.

Philippa alivitazama muda mrefu. Hakukana, wala hakucheka kile kicheko cha ofisini.

"Mimi nakaa kwenye nyumba tulizojenga kule Huddersfield," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Nimepanda mawaridi mara tatu. Yote yanakufa. Nilidhani mimi ndiye sijui kutunza."

"Chimba," alisema Glenys. "Utaona kama ni wewe."

Ndipo Neville akasema. "Mimi ndiye niliyejenga kuta hizi. Nilikuwepo walipomwaga. Na si hapa tu, ni kuanzia kumi na tano mpaka kumi na nane."

Philippa akamtazama upya, uso mpaka mikono. "Hee! Mzee wa kofia ya bluu!"

Alipiga simu palepale kwa mkurugenzi wake. Wakamsikia akisema ndiyo, hapana, nimeona kwa macho yangu. Mkurugenzi akataka kumaliza kwa kupunguza bei pauni elfu mbili, bustani ibaki ilivyo. Neville akamgeukia mkewe, maana elfu mbili ni elfu mbili.

"Sitakula pauni," alisema Glenys. "Udongo, au turudi zetu ghorofani. Na namba kumi na sita je? Nani kainunua?"

"Muuguzi mmoja, mama mwenye watoto wawili," alisema Philippa. "Hajahamia."

"Basi na yake."

Nyua kati ya bustani zilikuwa bado hazijasimamishwa, na tingatinga lisingeweza kufika kumi na saba bila kupita kwenye zile nyingine. Philippa alimweleza mkurugenzi hivyo: kuchimba moja au nne, gharama karibu sawa, na yeye hataiuza nyumba yoyote ya mstari ule mnunuzi akiwa hajaambiwa. Mkurugenzi akakubali.

Walilipa bei ileile ya kwanza, na zulia hawakupewa.

Jumatatu Keith alimngoja Neville getini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungeniambia mimi kwanza, Nev. Miaka kumi na moja tumefanya kazi pamoja."

"Nilipaswa kukwambia siku ileile unamwaga. Hapo nilikosea."

Keith alitema mate pembeni, akaondoka. Hakumfukuza. Wiki mbili hakumsemesha, na Neville alikula mkate wake peke yake kwenye gari. Lakini tingatinga lilipokuja, Keith mwenyewe ndiye aliyepanda kuliendesha, akachimba mpaka udongo wa asili, zaidi ya kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba, kisha akajaza udongo mweusi.

Walihamia Septemba. Glenys hakusubiri makasha yafunguliwe. Alitoka nyuma, akapiga magoti, akatia mkono kwenye udongo mpaka kiwiko bila kugusa hata jiwe. Neville alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Vipi?" aliuliza.

"Niache kidogo," alisema Glenys. Alikuwa analia.