Maji ya Gome la Yangambi

Itangazwe kwa wanadamu wote, kuanzia Bangboka hadi Yahuma: maumivu yameshindwa, na aliyeyashinda ni Liévin, mfamasia wa Kisangani. Tangazo hilo zito lilitolewa na Liévin mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kreti ya bia, mbele ya wagonjwa wachache ambao nusu yao walikuwa usingizini.

Mpwa wake Exaucée ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Shule yake ya bweni ilifungwa mwezi ule wa sita, mwaka 2000, majeshi mawili ya wageni yaliporushiana makombora juu ya mji, naye akaletwa kusaidia katika zahanati ya mjomba wake, aliyemwita tonton.

Liévin hakuipenda morfini. Ilituliza maumivu, ndiyo, lakini juzi juzi iliondoka na pumzi ya mzee mmoja. Kwa hiyo akachemsha magome aliyoletewa kwa mtumbwi kutoka Yangambi kabla askari hawajaufunga mto, akayatia maji yake chupani. Alitafuta dawa ya kumtuliza mtu bila kumzimisha. Sébastien, mwenye vipande vya bomu pajani, alikunywa maji ya chupa ile akalala fofofo hadi asubuhi.

"Bon," alisema Liévin akishuka kwenye kreti. "Mama Kahambu anakatwa mguu leo, na kifua chake hakiwezi morfini. Atakunywa gome."

Mama Kahambu, muuza vitenge kutoka Butembo, alikuwa mezani tayari, mguu umeoza hadi kwenye goti. Alimaliza kikombe, akakunja uso.

"Iko chungu kama mama-mukwe."

Daktari Ignace alianza kunawa mikono. Hapo uchangamfu wa Exaucée ukamwisha.

"Tonton, umupe na sindano. Kidogo tu."

"Sindano ya nini? Unataka afe? Dawa yangu inatosha."

"Na kama haitoshi?"

"Sébastien je?"

"Sébastien anasinziaka hata kanisani."

Liévin alimkazia macho. Mtoto huyu, aliyewahi kutia chura katika kikapu cha sadaka mbele ya askofu, hakuwa amemuuliza swali la maana tangu azaliwe. Sasa aliuliza huku akikwepa kuitazama chupa.

"Exaucée. Ulifanya nini?"

"Nilitaka tu nikusikie ukisifu kongobololo," alinong'ona. "Yale majani machungu ya dawa ya minyoo. Hayo njo iko ndani ya chupa."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Sébastien kunywa."

"Lakini Sébastien alilala!"

"Sijui, tonton. Alikuamini."

Liévin aliichukua chupa, akainusa. "Na gome langu?"

"Muko munangoja nini?" aliita Mama Kahambu. "Miye nishakunywa!"

Exaucée alimtazama mama yule, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi mezani:

"Maji ya gome nilimwaga nyuma ya choo. Yote."