Mara Moja Tena, Mwalimu

Jino lilianza kucheza Jumapili, na kufikia Jumatano Gu Zhenhai alikuwa anakunywa uji tu. Lilikuwa jino la mbele, la juu, na jirani yake nalo halikuwa na siku nyingi. Daktari alishasema yote mawili yang'olewe. Gu akaahirisha mara ya kwanza, akaahirisha mara ya pili, binti yake akagomba kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, mwishowe wakakubaliana Alhamisi asubuhi. Sababu ya kuahirisha hakumwambia mtu. Jumatano ndiyo siku aliyopangiwa kurekodi.

Mtu atauliza, jino na muziki wapi na wapi? Filimbi ya mwanzi hupigwa kwa mdomo, na mdomo huegemea meno. Mpigaji wa miaka sitini na saba akishawekewa meno ya bandia huanza upya kama mwanafunzi, na wengi hawafiki tena walikokuwa. Kwa miaka arobaini Gu alikuwa amepiga filimbi kwenye filamu za watu, nyuma ya vita, nyuma ya harusi, nyuma ya mvua, na hata siku moja hakupewa kipande cha peke yake. Safari hii amepewa. Alitaka akipige kwa meno yake mwenyewe, basi. Haja nyingine hakuwa nayo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya wasaka hazina: ngamia, majambazi, mji uliofukiwa mchangani. Okestra nzima ilirekodi tangu asubuhi, tarumbeta zikilia, ngoma zikinguruma, fidla zikikimbia kama zinafukuzwa. Halafu zote hunyamaza. Shujaa yuko juu ya kilima cha mchanga, anageuka kuangalia kwao kwa mara ya mwisho, na hapo filimbi ya mwanzi huingia peke yake. Sekunde arobaini. Kisha tarumbeta hurudi na ngamia wanaendelea na safari yao.

Saa nane mchana wapigaji wakafunga ala zao wakaondoka. Alibaki Fang Cuilan, mpigaji wa filimbi ya chuma, ambaye amekaa kiti cha jirani na Gu tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Aliombwa asubiri. Hakuna aliyetaja sababu, lakini Gu si mtoto mdogo. Ukumbi ulikuwa umekodiwa mpaka saa kumi na mbili, na mzee akishindwa, sekunde arobaini zile angepewa Fang.

"Usinitolee macho," Fang alimwambia huku akifungua chupa yake ya chai. "Sikuziomba mimi. Nataka kwenda kulala. Zipige upesi unitoe kifungoni."

"Ukinisubiri utazeeka."

"Nizeeke mara ngapi, wee Mzee Gu?"

Gu akatoa mfukoni punje ya kitunguu saumu, akaikata, akaisugua, iwe gundi, pembeni mwa kile kitundu cha filimbi ambacho hakizibwi na kidole. Juu yake akabandika utando unaotolewa ndani ya tete, mwembamba hata ukiupumulia unaruka, akaufinya kwa ukucha mpaka ukapata mikunjo. Utando huo ndio unaoipa filimbi ya mwanzi ule mvumo wake, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia. Ukikaza mno, filimbi inakuwa bubu, ukilegea, inakoroma. Na ukumbi ule, kwa ile mitambo ya kupoza hewa, ulikuwa mkavu kupindukia.

"Mama yangu, harufu!" Fang akaziba pua. "Shujaa atadhani kafika jikoni." Akabeba chupa yake akaenda kukaa nje kwenye korido.

Mara ya kwanza Gu alipiga kwa woga, akilihurumia jino. Mara ya pili akalisahau. Sijui nieleze vipi. Mdomo ulipata mahali pake, pumzi ikatoka bila kuombwa, na sekunde arobaini zikapita kama mtu anayeshuka mteremko anaoujua. Alipomaliza alishusha filimbi, akajisemea maneno mawili matatu, akangoja.

Kwenye hedifoni ikaja sauti ya Ruan Yitong, mtunzi wa muziki ule. Binti wa miaka thelathini, amesoma ng'ambo miaka tisa, mpole mpaka anakera. "Vizuri sana, Mwalimu Gu. Mara moja tena tu, tafadhali."

Vizuri sana, mara moja tena. Kama ni vizuri sana, ya nini tena? Lakini Gu hakuuliza. Aliyemfundisha yeye alikuwa akisema mpigaji haulizi, anapiga, na Gu alishazeeka na somo hilo. Akapiga ya tatu.

"Nzuri mno, mwalimu. Tukusumbue mara moja nyingine."

Akapiga ya nne. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo aliona vichwa viwili vimeinamiana, cha Ruan na cha Pei, kijana fundi mitambo ambaye kazi yake ya kila siku ni kurekodi waimbaji wa nyimbo za mapenzi. Pei akaja ukumbini, akainama kwa heshima, akabadilisha maikrofoni, akaweka nyingine shubiri moja kutoka kwenye mdomo wa mzee. "Samahani sana, mwalimu. Kosa ni letu."

Ndiyo adabu ya vijana wa siku hizi, kujibebesha kosa la mzee. Gu akasadiki kwamba kosa ni lake. Ni jino, alijiambia. Pumzi inavuja pembeni, wanaisikia, wanaona haya kuniambia. Kwa hiyo mara ya tano aliubana mdomo zaidi. Ya sita akaubana zaidi ya hapo. Utando ukapasuka, akabandika mwingine. Ya saba ufizi ukaanza kutoa damu, akameza. Ya nane akaegemeza viwiko mbavuni. Aliwahi kuchoka maishani, alishachimba mitaro kijijini ujanani, lakini hakuwahi kuchoka namna hii, kwa kusifiwa.

"Ajabu kabisa, mwalimu. Mara moja tena."

Ya tisa. Ya kumi. Saa kumi na moja ikapita. Pei alikuwa haonekani tena, ameingia chini ya meza na nyaya zake. Gu angeweza kusema, jamani, nina jino bovu, nipeni dakika kumi. Hakusema. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyoambiwa, lakini mwambie hayo mtu ambaye mpinzani wake amekaa koridoni na filimbi ya chuma mapajani.

Alipomaliza ya kumi na moja alimwona Fang nyuma ya kioo. Alikuwa amechoka kukaa, ameingia kuuliza kama anaweza kwenda nyumbani. Midomo ilitembea. Pei akatokeza kichwa kutoka chini ya meza. Fang akacheka sana, halafu akaacha kucheka ghafla, akamgeukia Ruan, na Ruan akashika mashavu kwa mikono miwili. Kisha Fang akabonyeza kitufe cha kusemea ukumbini.

"Mzee Gu, hivi unajua watoto hawa wanatafuta nini tangu mchana?"

"Nini?"

"Mvumo! Wanasema kuna kitu kinavuma. Wamebadilisha nyaya, wamebadilisha maikrofoni, wamezima taa. Wanadhani mtambo umeharibika. Ni utando wako, baba! Huyu binti filimbi ya mwanzi kaijulia kwenye kompyuta, na huko wameuondoa mvumo mpaka imekuwa kama ya kwangu."

Gu akavua hedifoni, akazivaa tena. "Kwa nini hamkuniambia?"

Sasa ilikuja sauti ya Ruan. "Tungekuambiaje, mwalimu? Mtu wa heshima zako, nikwambie nasikia kelele kwenye sauti yako?"

"Kwa hiyo si mdomo wangu?"

"Mdomo wako una nini, mwalimu?"

Gu aliweka filimbi mapajani. Alikaa tu pale, na hasira ilimpanda, ikafika kifuani ikakosa nguvu ya kuendelea.

"Tunakuomba upige mara ya mwisho," Ruan alisema. "Na mvumo wake. Hatugusi kitu. Kosa ni langu kabisa."

Safari hii lilikuwa kosa lake kweli, na halikusaidia kitu. Gu akainua filimbi, akapuliza, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Jino lilikuwa limelala upande. Akalishika kwa vidole viwili, likatoka bila ubishi, akalitia kwenye kitambaa chake.

Fang alifika wa kwanza. Alimwangalia mdomoni, akaangalia kitambaa. "Tangu lini?"

"Jumapili."

"Mjinga wee. Ungeniambia mimi."

"Chukua filimbi yako ukapige," Gu alisema. Neno lilitoka na upepo. "Saa imekwisha."

"Sipigi. Wakaazime ngamia apige."

Akamshika mkono wakaingia chumba cha mitambo. Pei alikuwa amesimama, hana pa kuweka mikono. Daftari lilikuwa wazi mezani: moja mpaka kumi na moja, na mbele ya kila namba ameandika neno lile lile, kelele.

"Umezifuta?" Gu aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Hatufuti kitu."

"Niwekee ya pili."

Ikaanza pumzi. Kisha filimbi, na ule mvumo ukiwa ndani yake, si juu yake, na kwenye kioo cha filamu shujaa akageuka juu ya mchanga kuangalia kwao. Pei aliyekuwa ameutafuta mvumo ule alasiri nzima chini ya meza alisimama akiusikiliza mdomo wazi. Fang alifumba macho. Sauti ya mwisho ikapungua, ikapungua, ikaisha. Ruan alikuwa analia waziwazi, akanyoosha mkono kuzima.

Hakuwahi. Maikrofoni ilikuwa haijaacha kitu. Kwenye spika ikasikika sauti ya Gu mwenyewe, ya chini, ya mtu aliyetua mzigo.

"Haya, Zhenhai. Hiyo ndiyo yenyewe. Sasa waling'oe."

 Halafu, nyembamba, ikivuja kutoka kwenye hedifoni za mzee, ikaja sauti ya msichana, tamu na yenye adabu zake zote: "Vizuri sana, Mwalimu Gu. Mara moja tena tu, tafadhali."

"Sawa, mwanangu," mzee akajibu kwenye spika, na wote chumbani wakamsikia akivuta pumzi.